Jinsi ya kuzuia uchafu wa shamba usifike mtoni na kisimani, na kwa nini uanze na mvua

Ukitaja uchafuzi wa maji watu wengi wanafikiria kiwanda, bomba kubwa limetokeza ukutani linamwaga maji meusi mtoni. Mkulima anaangalia shamba lake haoni bomba, anasema hili halinihusu. Lakini mvua kubwa ikishuka shamba zima ndio linakuwa bomba: udongo, samadi, mbolea ya dukani, dawa za wadudu, vyote vinaanza kuteremka bondeni, na bondeni ndiko kuna mto, kuna bwawa, kuna kisima ambacho mtu anachota maji ya mtoto.

Huu mwongozo ni wa mtu mwenye shamba au mifugo, liwe dogo liwe kubwa, anayetaka kuanza wiki hii na sio kusubiri mradi. Jambo ninalotaka ulishike kabla ya yote ni kwamba uchafu mwingi unatoka kwenye sehemu chache tu za shamba, zile sehemu ambazo vitu viwili vimekutana: kuna uchafu, na kuna njia ya maji ya kuubeba. Lundo la samadi lililo mbali na njia ya maji sio hatari sana, na njia ya maji inayopita kwenye majani mazito bila kugusa uchafu nayo sio hatari sana. Vikikutana ndio shida, na kazi yote hapa chini ni ya kuvitenganisha.

Kwanza, toka nje mvua ikiwa inanyesha

Usisubiri ikatike (kama kuna radi subiri ipite, hiyo ni lazima). Vaa koti na mabuti, simu iweke kwenye mfuko wa plastiki, anza sehemu ya juu kabisa ya shamba ushuke pamoja na maji. Angalia yanajikusanya wapi, yanaanza kukimbia wapi, yanapita kwenye nini, alafu yanatokea wapi kwenye mpaka wako. Angalia na rangi. Maji ya rangi ya udongo maana yake udongo wako unaondoka, maji ya kahawia yenye povu na harufu yametoka kwa mifugo, na maji meupe safi ya kwenye bati yanayoenda kupita katikati ya zizi ni maji safi unayoyachafua bure.

Piga picha kila sehemu. Watu wanakagua kingo za mto tu wanasahau barabara na vile vijia vya ng'ombe, wakati udongo wa pale umekanyagwa mpaka umekuwa mgumu, maji hayazami, kwa hiyo njia ya ng'ombe inayoshuka mlimani ni mtaro kamili unaopeleka kila kitu moja kwa moja mtoni.

Ukirudi chora ramani, hata kwa mkono kwenye daftari. Weka vijito, mitaro, visima (na cha jirani pia), zizi, lundo la samadi, josho, stoo ya dawa, sehemu unayochanganyia dawa, tanki la mafuta kama lipo. Alafu chora mishale ya maji kama ulivyoiona kwenye mvua. Pale mshale unapopita juu ya uchafu na kuishia kwenye maji weka alama nyekundu. Hizo alama nyekundu ndio orodha yako ya kazi, anza na iliyo karibu zaidi na kisima au mto.

Jua unapigana na nini, maana dawa zake sio moja

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza nguvu. Wanapanda majani kando ya mto wakidhani wamemaliza, kumbe uchafu wao unapita chini ya ardhi.

Fosforasi na naitrojeni ni vyakula vya mmea vilivyomo kwenye samadi na mbolea ya dukani. Fosforasi inapenda kushikamana na chembe za udongo. Udongo ukibaki shambani sehemu kubwa ya fosforasi inabaki. Naitrojeni ni kitu kingine kabisa: ikishageuka kuwa nitrati udongo hauishiki, inayeyuka na kuzama na maji hadi kwenye maji ya ardhini, na huko haijali ukingo wala matuta. Nitrati inazuiwa kwa kutoweka mbolea kuliko mmea unavyoweza kula, na kwa kutoacha ardhi tupu bila mizizi. Vijidudu vya kwenye kinyesi vinasafiri na maji ya juu na pia vinaingia kwenye visima vifupi na vibovu. Dawa nazo, nyingine zinashika udongo nyingine zinayeyuka.

Madhara yake: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha nitrati kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, na sababu kubwa ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa na maji hayo, damu yao inashindwa kubeba oksijeni vizuri mpaka mtoto anabadilika rangi anakuwa wa bluu. Na tafadhali shika hili, kuchemsha hakuondoi nitrati. Maji yanapungua kwa mvuke, nitrati inabaki palepale, kwa hiyo unaishia na maji makali zaidi kuliko mwanzo.

Kwenye maziwa na mabwawa, fosforasi na naitrojeni zinalisha mwani. Mwani unajaa, unakufa, bakteria wanauozesha, na katika kuuozesha wanamaliza oksijeni iliyomo majini, samaki wanakufa. Aina nyingine za huo utando wa kijani zinatoa sumu ya ini. Mwezi Agosti 2014 mji wa Toledo kule Marekani, unaotumia maji ya ziwa Erie, watu karibu nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu hiyo, na chakula kikubwa cha huo mwani ilikuwa ni fosforasi iliyotoka mashambani. Mwaka 2000 huko Walkerton, Kanada, mvua kubwa ilisukuma bakteria wa samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima cha mji, na dawa ya kutibu maji haikuwa inatosha. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Mfugaji aliyekuwa karibu na kile kisima hakuonekana na kosa, alikuwa anafuata taratibu za kawaida za samadi. Ndio maana nasema usiishie kwenye taratibu za kawaida, angalia maji yako yanakwenda wapi.

Zizi na samadi

Ng'ombe mkubwa wa maziwa anaweza kutoa zaidi ya kilo 40 za kinyesi na mkojo kwa siku moja. Zidisha kwa idadi ya ng'ombe wako uone. Hiyo ni mali, ni mbolea ambayo mwingine analipia, lakini ikikaa ovyo ni mali inayoteremka mtoni.

Kitu rahisi kuliko vyote ni kulihamisha lundo. Litoe bondeni, litoe kwenye mshale wa maji, lipeleke sehemu iliyoinuka kidogo na tambarare, mbali na kisima. Kanuni za Uingereza zinataka samadi isimwagwe ndani ya mita 10 kutoka mtoni na mita 50 kutoka kisimani au chemchemini. Kama kwenu kuna sheria fuata ya kwenu, kama hakuna chukua hizo namba, ni nzuri. Chini ya lundo sakafu iwe ngumu, udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au zege, na ukingo mdogo wa kuzuia yale maji meusi yanayotiririka. Juu funika na turubai. Turubai tu peke yake linabadilisha mambo sana, maana mvua isipopiga lundo hakuna kinachotiririka, na naitrojeni yako inabaki kwenye lundo.

Ukiweza ifanye mboji kabisa. Lundo liwe na urefu na upana wa angalau mita 1 ili lishike joto, changanya samadi na majani makavu au mabua, liwe na unyevu kama sifongo iliyokamuliwa. Joto la ndani likifika nyuzi 55 au zaidi vijidudu vya magonjwa vinaanza kufa. Kanuni za kilimo hai za Marekani kwa lundo la kugeuza zinataka nyuzi kati ya 55 na 77 kwa siku 15, na ndani ya hizo siku ligeuzwe si chini ya mara 5, ili la nje nalo liingie ndani lipate joto. Bila kugeuza, ile ngozi ya nje inabaki na vijidudu vyake kama ilivyokuwa.

Kuna vitu viwili vya zizini ambavyo watu hawavihesabu kama uchafu. Maziwa yaliyomwagika na maji ya kuoshea vyombo vya kukamulia, na maji yanayotoka kwenye saileji (majani mabichi yaliyoshindiliwa na kufungwa yachachuke, ya kulisha mifugo). Havina sumu, ila vikiingia kwenye kijito bakteria wanavifurahia mno na wanatumia oksijeni yote. Maji ya saileji yanaweza kuwa makali hadi mara 200 kuliko maji taka ya choo, na maziwa yenyewe ni makali kuliko hapo. Kijito kidogo kinaweza kuuliwa na dumu chache tu. Kwa hiyo yakusanye kwenye shimo au tanki lisilovuja, yachanganye na maji mengi, alafu mwagia kwenye majani mbali na kijito. Saileji uifunge ikiwa imenyauka vya kutosha, ikikaukakauka kidogo haitoi maji mengi.

Maji safi yapite kwake, machafu kwake

Hesabu fupi. Bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 linakusanya lita 1,000. Hizo lita zote zikiangukia zizini unakuwa na lita 1,000 za uchafu wa kushughulikia, kwa mvua moja tu. Funga gata, paipu ipeleke kwenye tanki la kunyweshea mifugo au ipeleke pembeni. Upande wa juu wa zizi chimba mtaro wa kukata maji ya mlimani yazunguke, yasipite ndani. Shimo lako la maji machafu litajaa polepole mno kuliko zamani, na hujajenga shimo jipya. Kama una hela ya kitu kimoja tu mwaka huu mimi ningekwambia weka gata.

Mifugo itoke mtoni

Ng'ombe akiingia mtoni kunywa anafanya mambo matatu kwa pamoja, anabomoa kingo, anavuruga matope, na anajisaidia humohumo. Hiyo ya mwisho ndio mbaya kwa watu wanaochota chini yako. Mwekee birika la maji mbali na mto, akipata maji masafi kwenye birika sehemu kavu mara nyingi anayapenda kuliko kushuka kwenye matope, hata kabla hujajenga fensi. Maji ya kujaza birika unaweza kuyatoa mtoni kwa pampu ya sola, au kama mto una maporomoko kidogo kuna pampu inayosukumwa na nguvu ya maji yenyewe bila umeme wala mafuta, zipo tangu karne ya 18 na bado zinafanya kazi vizuri.

Fensi iweke mita kadhaa kutoka ukingoni na sio ukingoni kabisa, maana mto ukijaa utaibeba. Pale ambapo lazima wavuke, chagua sehemu moja, mwaga kokoto ngumu, wavuke hapo tu. Chumvi ya kulamba na kivuli usiviweke karibu na mto, ng'ombe anakaa pale palipo na raha na kinyesi kinabaki hapohapo.

Mbolea: hesabu kabla ya kumwaga

Pima udongo kwanza. Sampuli chota kwa kutembea zigizaga, sehemu 15 mpaka 20 kwa kila shamba linalofanana, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo peleka maabara. Usichote kwenye sehemu za ajabu kama palipokuwa na lundo la samadi, njiani, au chini ya mti, zitakudanganya. Ukikuta fosforasi iko juu tayari, acha kuongeza, haina faida yoyote kwa mmea na kila mvua itaondoka na kidogo.

Alafu hesabu. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Tuseme (ni mfano tu) vipimo vinasema zao lako linahitaji kilo 60 za naitrojeni kwa hekta, na samadi utakayoweka inatoa kilo 25 msimu huu. Zinabaki 35. Gawa kwa 0.46 unapata kama kilo 76 za urea, yaani mfuko mmoja na nusu na kidogo. Mtu asiyehesabu samadi anaweka mifuko miwili na zaidi, na ile ya ziada haiongezi mavuno, inazama kisimani. Wengi wanakosea hapohapo, samadi wanaiona kama takataka ya kuondoa zizini na sio mbolea ya kuhesabu, kwa hiyo wanaweka zote mbili kwa kipimo kamili.

Na kinyume chake pia kipo: ukitegemea samadi peke yake kutimiza naitrojeni yote kila mwaka, fosforasi itarundikana, kwa sababu samadi ina fosforasi nyingi ukilinganisha na mahitaji ya mmea. Umoja wa Ulaya tangu sheria yao ya nitrati ya mwaka 1991 wameweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka kwenye maeneo yenye hatari. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anatoa karibu kilo 100 kwa mwaka, kwa hiyo hapo unaongelea ng'ombe wawili kasoro kwa hekta. Kama una ng'ombe wengi na ardhi ndogo ukweli ni kwamba samadi nyingine lazima iende kwa jirani mwenye shamba lisilo na mifugo.

Muda wa kuweka una uzito uleule wa kiasi. Gawanya mara mbili au tatu, kidogo wakati wa kupanda, nyingine mmea ukiwa unakua kwa kasi, kwa mahindi ni pale yanapofika magotini kwenda juu. Fukia, usiache juu. Angalia utabiri kwenye simu, mvua kubwa ikiwa inakuja ndani ya siku mbili ahirisha, na udongo ukiwa umeshashiba maji ahirisha. Manyunyu madogo sio shida, tena yanasaidia kuiingiza ardhini.

Udongo ubaki juu ya shamba

Milimita 1 ya udongo ukiondoka kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, karibu tani 13. Milimita 1 huioni kwa macho, ndio maana mtu anaweza kupoteza malori ya udongo wa juu miaka na miaka akidhani shamba liko palepale.

Kinachong'oa udongo ni tone la mvua kupiga ardhi tupu, kwa hiyo funika. Mabua yaache juu, usichome, panda mazao ya kufunika ardhi baada ya mavuno, jamii ya kunde au nyasi za muda. Hizi zina kazi ya pili, mizizi yake inanyonya ile nitrati iliyobaki kabla haijazama, na nyasi au nafaka zinafanya hiyo kazi vizuri kuliko kunde. Punguza kulima kwa kina.

Kwenye mteremko lima kwa kukinga, usilime kwa kushuka. Kupata mstari wa kukinga hauhitaji mashine. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge pamoja kwa juu, tanua miguu, funga mti wa tatu katikati ya kukatiza iwe kama herufi A, juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Isimamishe, weka alama za miguu chini, weka alama kamba inapogusa ule mti wa kukatiza. Igeuze, mguu wa kushoto uende kwenye alama ya kulia na wa kulia kushoto, weka alama tena. Katikati ya hizo alama mbili ndio usawa. Sasa tembea nayo shambani, mguu mmoja ukae palepale mwingine uutafutie sehemu ambayo kamba inakaa katikati, piga kijiti, songa mbele. Ukimaliza una mstari wa vijiti uliokaa sawa kabisa hata kama macho yanakwambia umepinda. Amini kamba.

Kwenye huo mstari jenga matuta, au chimba mtaro utupe udongo upande wa juu (fanya juu), panda majani magumu ya kushika udongo kama vetiva au majani ya kulisha mifugo. Mteremko ukiwa mkali matuta yakaribiane. Sehemu ambayo maji hujikusanya yenyewe kila mvua usiilime kabisa, iache iwe njia ya majani, maana huwezi kuyashinda maji pale, utapoteza mbegu na mbolea kila mwaka.

Ukanda wa majani kando ya mto

Nimeuweka huku chini makusudi, kwa sababu ni kinga ya mwisho na watu wanaufanya wa kwanza alafu wanaishia hapo. Mita 10 ni mwanzo mzuri kwa ardhi yenye mteremko mdogo, mteremko ukiongezeka na upana uongezeke. Majani mazito upande wa shamba, miti na vichaka upande wa mto vishike kingo na kutoa kivuli, maji baridi yanabeba oksijeni nyingi zaidi.

Ukanda unafanya kazi maji yakipita yamesambaa, taratibu. Yakipita kwa kasi kwenye mfereji mmoja uliokata katikati ya majani basi ni kama hakuna ukanda, maji yanatoboa tu. Rudi kwenye ukanda mvua ikiwa inanyesha uangalie. Ukikuta yametoboa, yazuie juu kwanza, weka tuta dogo la kuyatawanya au chimba shimo la kutegea udongo, ule udongo uliojaa shimoni urudishe shambani ni wako na una mbolea yako. Majani ya ukanda yakate uyatoe uwape mifugo, ukiyaacha yaoze hapo fosforasi itarudi majini. Usiweke mbolea kwenye ukanda, wala dawa.

Dawa

Ulaya wanaruhusu mikrogramu 0.1 tu ya aina moja ya dawa kwa lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu: gramu 1 ya sumu yenyewe inatosha kuzivusha lita milioni 10 kwenye hicho kikomo. Gramu 1 inabaki kwenye kifuniko cha chupa. Kwa hiyo hatari kubwa haiko shambani wakati unapuliza, iko pale unapofungua, unapochanganya na unapoosha.

Changanyia mbali na kisima na mto, kama unachanganyia kisimani kwa sababu maji yako pale, kuanzia leo beba maji uende nayo. Paipu ya kujazia isizame kamwe ndani ya tanki la dawa, iache ining'inie juu, maana presha ikishuka dawa inavutwa kurudi kwenye kisima au bomba la watu. Changanya kiasi cha kutosha eneo lako tu. Chupa ikiisha weka maji robo, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye pampu ya kupulizia, rudia mpaka iwe mara tatu. Alafu itoboe ili mtu asije kuwekea maji au mafuta ya kula. Usiichome, usiizike karibu na maji, irudishe kwa wanaokusanya kama wapo. Maji ya kuoshea pampu yapulizie kwenye zao lilelile. Pampu haioshwi mtoni, kwa sababu yoyote ile. Nguo na glavu hivyohivyo.

Kama unapuliza mara kwa mara tengeneza kitanda cha kuulia mabaki ya dawa. Waliovianzisha ni Wasweden miaka ya 1990: shimo lenye mchanganyiko wa nusu majani makavu ya nafaka, robo udongo na robo mboji (wao walitumia mboji ya kinamasi inayoitwa piti), juu unapanda nyasi. Unachanganyia na kuoshea juu yake, na fangasi na bakteria waliomo wanaivunja dawa taratibu. Juu yake weka paa, yasijae maji ya mvua.

Dawa za josho zinaua viumbe vya majini kwa kiasi kidogo sana. Maji ya josho yaliyoisha nguvu hayaachiliwi kwenye mtaro.

Umwagiliaji

Maji ya ziada yanasukuma nitrati chini. Chimba na koleo uangalie unyevu umefika wapi, ukishapita mizizi zima. Matone ni bora kuliko mfereji, lakini hata mfereji ukizimwa kwa wakati unatosha.

Ongea na wa juu yako na wa chini yako

Mto haujui mpaka wa shamba. Mji wa New York unapata maji yake mengi kutoka milima ya Catskill na jirani zake, na tangu miaka ya 1990 mji umekuwa unalipia wakulima wa kule kujenga fensi, sehemu za samadi na kanda za majani, kwa sababu waliona ni nafuu kuliko kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja, na mpaka leo hayo maji mengi yanatibiwa lakini hayachujwi. Kwa hiyo kama chini yako kuna mji, shule au mradi wa maji una haki ya kuwafuata na kuwaambia, mimi nimehamisha samadi, nyie nisaidieni fensi. Nenda na ramani yako na zile picha za mvua, watu wanaelewa haraka wakiona.

Pima, usikisie

Chota sehemu mbili siku moja, pale maji yanapoingia shambani kwako na pale yanapotoka. Tofauti ya hizo mbili ndio yako, hapo hakuna kubishana na jirani. Chota siku ya kawaida na chota tena mvua ikiwa inanyesha, maana uchafu mwingi wa mwaka mzima hupita kwenye mvua chache kubwa. Chupa angavu itakuonyesha matope kwa macho, acha itulie uone kilichobaki chini. Vipimo vya karatasi vya nitrati vinabadilika rangi ndani ya dakika, kwa kisima ni lazima kabisa hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mjamzito. Bakteria peleka maabara, chupa iwe waliyokupa wao, iweke kwenye barafu na ifike siku hiyohiyo.

Geuza na mawe ya kijitoni. Ukikuta wadudu wachanga wenye mikia miwili au mitatu myembamba wameng'ang'ania chini ya jiwe, maji yana oksijeni nzuri, hao hawavumilii uchafu. Ukikuta viminyoo vyekundu tu kwenye tope, oksijeni ni ndogo.

Matope na bakteria ukifanya haya unaweza kuona mabadiliko msimu huuhuu, kwenye kijito. Nitrati ya kisimani ni ya taratibu, maji ya ardhini yanatembea polepole na kinachofika leo kinaweza kuwa kilimwagwa miaka mingi iliyopita, mahali pengine miongo. Kwa hiyo usione namba haijashuka mwaka wa kwanza ukarudi kwenye kumwaga mifuko miwili. Mpaka ishuke tafuta maji mengine ya mtoto, na endelea kupima msimu kwa msimu, andika tarehe, mvua ilivyokuwa, na mbolea uliyoweka, vyote kwenye daftari moja na ile ramani.